Vidonge Kwenye Pindo la Khanga

Ruhembe, Kilosa

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Mtoto hajambo? Na kichwa chako, bado kinakugonga? Sisi huku tupo tupo tu. Jembe la mama bado liko nyuma ya mlango, sina moyo wa kulitoa.

Jirani yetu Bi Nyanzobe anarudi huko nyumbani, nimempa nguo za mama akuletee. Ila kuna jambo nilishindwa kukwambia kwenye simu.

Mama alipogundulika na presha, zahanati walimwambia ameze kidonge kila asubuhi, hata akijisikia mzima. Kabla sijaenda kukata miwa nilikuwa namuuliza, "Mama, umemeza?" Ananicheka: "Nimemeza, bwana mkubwa. Wahi miwa yako." Basi naondoka. Mama yangu mzazi, nimkague kama mtoto?

Asubuhi ile alianguka akikoroga uji. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakamwishia, na siku ya pili tukampoteza.

Juzi nikifua khanga zake nikakuta pindo la moja limefungwa fundo. Ndani, vidonge vya presha, vingi, bado kwenye karatasi zake. Nikamuuliza Bi Nyanzobe. Akaanza kulia.

"Vilikuwa vya Kabula," akasema. "Uliposema dada yako anaumwa kichwa na kizunguzungu, mama yako akasema mwanangu amerithi ugonjwa wangu. Akawa leo anameza, kesho anamwekea, ili nikisafiri nimpelekee. Na mimi nikaona ni upendo tu."

Nilimkasirikia mama, dada, sikufichi. Halafu nikalia mpaka kazini sikwenda.

Usijilaumu. Wewe hukumwomba. Mimi ndiye niliyempa habari za kichwa chako, na mimi ndiye niliyekuwa naye.

Vidonge usivitafute kwenye mzigo, nimevirudisha zahanati. Muuguzi anasema dawa ya mtu haimezwi na mwingine, upimwe kwanza wewe mwenyewe. Nenda kapime, nakuomba. Wakikupa dawa, usimwekee mtu yeyote, hata mimi.

Msalimie shemeji, na shangazi anayekusaidia kulea. Mtoto mbebe kwa khanga ya mama, ile ya juu kabisa kwenye mzigo.

Ukishaanza dawa nitakupigia kila asubuhi kuuliza kama umemeza. Nicheke utakavyo, ila shambani sitakwenda mpaka nikusikie unakunywa maji.

Mdogo wako,
Maduhu