Matango ya Kila Alhamisi

Mpendwa mshauri, naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana siku hiyo nimeita watu nyumbani, na sina uhakika tena kama niliowaita watanisaidia au watanimaliza.

Mimi ni fundi saa, nina miaka sabini na miwili, na mke wangu nimemzidi minne. Tuliondoka kwetu miaka thelathini na moja iliyopita, kwa miguu, yeye mbele na mtoto wa mwisho mgongoni na mkubwa kamshika nguo, mimi nyuma na sanduku la vifaa, na tangu hapo tumeishi katika miji mitatu ambayo hakuna hata mmoja uliokuwa unatungoja. Nakueleza haya ili ujue ni mwanamke wa namna gani: tangu safari ile hafumbi macho mbele ya mtu. Hulala ameuelekea mlango, ukikohoa tu anauliza kuna nini. Kwenye basi hafumbi hata safari iwe ya siku nzima. Aling'olewa jino akamkodolea daktari mpaka daktari akamwomba aangalie dari. Hata tukisali huwa namwona yuko macho, maana na mimi huchungulia.

Sasa Alhamisi iliyopita ndipo yaliponikuta. Msimamizi wa ukumbi wa mtaa wetu alikuwa amenipigia simu kwamba saa ya ukutani imegoma saa sita na dakika tano tangu mwezi jana, nikamwambia nitakuja Ijumaa, lakini kazi iliyokuwa mezani ikaisha mapema, na mke wangu alikuwa ameshakwenda kwenye mazoezi yake ya mgongo kama kila Alhamisi mchana, nikaona nikae peke yangu nifanye nini, nikabeba ngazi nikaenda. Nikakuta muziki unapigwa, watu kama arobaini, wengine wanacheza wawili wawili, wengine wameketi kwenye viti vilivyozunguka ukuta, nikadhani ni maandalizi ya arusi, na kwa kuwa fundi mwenye adabu haangalii mambo ya watu nikawapa mgongo, nikapanda, nikaitoa saa kwenye msumari, nikageuka nikiwa nimeikumbatia kifuani, na pale chini yangu, hatua nne hivi, nikamwona mke wangu naye amekumbatiwa, na mwanamume mnene mwenye unga kwenye nyusi, shavu kwa shavu, wanatembea polepole kama watu waliobeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Na amefumba macho.

Nilihesabu tu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu: dakika mbili na sekunde arobaini hakuyafumbua.

Wimbo ukaisha. Wale wengine walibaki wamesimama palepale uwanjani wakizungumza kidogo, hakuna aliyerudi kitini. Mke wangu akafumbua macho, akaniona. Akamgeukia yule mwanamume akamwambia neno moja kwa lugha ya huku, "Asante," na nililisikia vizuri kwa sababu ukumbi ulikuwa umetulia. Mshauri, tumeoana miaka arobaini na minne, na sijapata kusikia asante iliyotamkwa taratibu namna ile. Uso wa yule bwana ulianguka. Akaweka mkono kifuani, akamsindikiza hadi kwenye kiti, na wanawake walioketi wakatazamana, mmoja akajiziba mdomo. Nikaelewa kwamba wote walikuwa wanajua, na sasa wanaona aibu kwa niaba yangu. Nikashuka, nikatoka na ngazi begani na saa kwapani. Saa hiyo ninayo mpaka leo, sijairudisha.

Alirudi saa kumi na moja, kama kawaida yake, na mfuko wake uleule.

"Mgongo unaendeleaje?" nikamuuliza.

"Mgongo ulipona zamani, mzee. Uliza unalotaka kuuliza."

"Yule ni nani?"

"Mwoka mikate."

"Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Mama, unamkumbatia mtu hujui hata jina lake?"

"Pale hatuulizani majina, wala mtu haulizwi katokea wapi. Nitajie mtu mwingine mji huu mzima ambaye hajaniuliza nimetokea wapi."

"Na huo mchezo wenyewe ndio nini?"

"Tango."

"Nakuuliza la maana, unaniletea habari za sokoni."

"Tango, mzee. Ndilo jina la densi."

Hapo nikakaa. Maana kwenye kalenda yetu ya jikoni, kila Alhamisi, kwa mwandiko wake mdogo unaoegemea kushoto, pameandikwa neno hilo, tango. Miaka saba sasa. Na mimi, nikidhani daktari wa mgongo kamwelekeza ale tango siku ya mazoezi, kila Alhamisi asubuhi nimekuwa nikienda sokoni kuchagua mawili, membamba, magumu, yasiyo na mbegu nyingi, na jioni anayamenya tunakula.

"Niliandika ili uniulize," akasema. "Wiki ile ya kwanza nilikuwa nangoja uniulize. Ukaleta matango."

"Si ungeniambia."

"Ungesema nini?"

"Ningekataa."

"Haya."

Na hayo ni ya mji huu tu. Katika mji wa kwanza alikwenda miaka sita kwenye darasa la lugha, na hadi tunahama alikuwa bado anaomba chumvi dukani kwa kidole. Kumbe darasa ni tango. Katika mji wa pili akaenda miaka mitano kujifunza ushoni, na sijaona hata foronya moja; kumbe ushoni ni tango. Anasema kila mji tuliohamia baada ya hapo aliulizia ukumbi ulipo kabla hajaulizia zahanati, na kila mahali alikuta viti vilevile ukutani, muziki uleule na sheria zilezile, akaketi bila kusema neno na akapokewa. Miaka kumi na minane. Akanitolea viatu kwenye mfuko, vyeusi, vya kamba ya kifundoni, na nikavitambua, maana kifungo cha kamba ile nilikitengeneza mwenyewe kwa koleo langu, nikiambiwa ni viatu vya arusini. Nikampigia simu binti yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi, nimweleze msiba uliotufika. "Baba," akasema, "jozi hiyo nilimnunulia mimi." Nikakata simu.

Nimehamishia godoro kwenye chumba cha kazi. Nimekwenda maktaba kusoma juu ya densi hiyo, na kitabu kinasema ilianzia katika mji wa bandari ulio mbali sana, kwenye nyumba ambazo mtu wa heshima hakutaka kuonekana akitoka. Nimemwita kaka yake mkubwa na binti yetu waje Jumamosi, nitayaweka mezani, na mbele yao achague, mimi au ukumbi. Yeye amenijibu kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele: "Waite. Lakini Jumapili kuna tango la mchana, watakuja watu hadi wa miji mingine, nami nitakwenda, na safari hii naaga, sikufichi. Ukitaka kuja, mlango ni ule ulioingilia na ngazi."

Sasa nakuuliza, mshauri, na unijibu bila kunibembeleza. Mtu aliyenifichia miaka kumi na minane, ambaye macho yake hayakuwahi kufumbwa mbele yangu yakafumbwa kifuani kwa mwoka mikate, na bado akamshukuru nikiwa namwona, bado ni mke wangu? Na akichagua ukumbi, nitashika njia ipi? Mwenzangu wa njia ni yeye.

Fundi Saa

*

Mshauri anajibu:

Shikamoo, mzee wangu. Kwanza shuka kwenye hiyo ngazi, maana nilivyoisoma barua yako naona bado uko juu, saa imejaa mikononi, unahukumu watu kutoka karibu na dari.

Pole sana. Nami nilishtuka. Pale penye matango nilimsomea mwenzangu wa meza ya pili, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaenda kusimama dirishani. Amekaa na mumewe miaka ishirini.

Sasa nisikilize. Mimi kucheza sijui, kwa hiyo nilimtafuta mwalimu wa densi hiyo, mama mstaafu mwenye goti la chuma, nikamsimulia kisa chako bila kukutaja. Nilipofika kwenye ile asante, alinikatiza.

"Rudia hapo. Watu wengine walikuwa wamekwenda kukaa?"

"Hapana. Walibaki wamesimama uwanjani."

"Na yeye akasema asante?"

"Ndiyo."

"Maskini mwoka mikate," akasema, na alikuwa hatanii.

Akanieleza, nami nakueleza wewe. Nyimbo za densi hiyo hupigwa kwa mafungu, nne kwa kawaida, na ukianza na mtu unamaliza naye fungu zima. Wimbo mmoja ukiisha mnasimama, mnazungumza mambo ya mvua, mnangoja unaofuata. Mtu haambiwi asante katikati. Anaambiwa fungu likiisha. Ukiisema kabla, maana yake ni moja tu katika kila ukumbi wa tango ulioko duniani: basi, nimemaliza na wewe. Mwalimu anasema amewaona watu wazima wakichukua koti wakaenda nyumbani kwa sababu ya neno hilo, na wiki mbili hawaonekani. Ndiyo maana uso wa yule bwana ulianguka. Ndiyo maana mwanamke akajiziba mdomo. Hakuna aliyekuwa anakuonea aibu, mzee. Walikuwa wanashangaa mtu gani huyu wa ngazi, ambaye kwa ajili yake mchezaji wao wa siku zote amemwacha mwenzake katikati ya uwanja.

Unataka kumwita kaka yake aje ashuhudie mkeo akichagua. Alishachagua Alhamisi, watu arobaini wakiona. Wewe ndiye hukuwa unaijua lugha, na ukatoka na saa ya watu.

Hilo la macho nalo nilimuuliza. Anayeongozwa hufumba, akasema, kwa sababu njia inaangaliwa na mwenzake. Ni desturi, wala haina siri. Lakini mimi nakwambia la kwangu. Mkeo ametangulia mbele tangu siku ile mliyoondoka kwenu, mtoto mgongoni, macho wazi, na wewe nyuma na sanduku. Miaka thelathini na moja hakuna aliyemwambia sasa pumzika, nitaangalia mimi. Mwoka mikate naye hakumwambia. Ni wimbo tu uliompa nafasi, dakika mbili na sekunde arobaini kwa hesabu yako. Nikuulize: kama alihitaji mahali pa kufumba macho, kwa nini hakukupata wewe? Usinijibu mimi. Kajibu huko chumba cha kazi.

Nisikufiche, naye amekosa. Miaka kumi na minane ni uongo mrefu, na kumtuma binti ausaidie ni kosa la pili. Mwambie nimesema hivyo. Lakini mtu anayetaka kuficha haandiki kwenye kalenda ya jikoni. Aliandika mara mia tatu na kitu, kwa neno la lugha yenu, mahali unapopita kila asubuhi kuchukua chai. Na wewe, fundi unayeifungua saa ya mgeni hadi kwenye jino la mwisho, hukumuuliza mkeo swali moja. Ukachagua matango mazuri. Hapo ndipo nilipokupenda na ndipo nilipotaka kukutingisha mabega.

Na kile kitabu cha maktaba ungegeuza ukurasa. Hao waliokuwa kwenye zile nyumba za bandari walikuwa watu gani? Walioshuka melini kutoka kila upande, hawana mama, hawana lugha, hawana pa kurudi. Hao unawajua vizuri.

Basi fanya hivi. Leo hii mpigie shemeji yako, mwambie asije, ulielewa vibaya. Litakuuma dakika moja. Rudisha godoro, na ulale upande wa mlangoni, wewe. Mwambie uliambiwa nini juu ya ile asante, kisha nyamaza umwache aseme, hata ikichukua siku mbili. Mwambie pia kwamba uongo ulikuuma, usijifanye jiwe. Binti yako mpigie umalize, amekaa katikati yenu muda mrefu.

Ile saa itengeneze. Jumapili ibebe, nenda mapema, itundike kwenye msumari wake ikiwa inasema kweli. Kisha kaa kwenye kiti cha upande wa pili, mbali naye. Usimwite, usimpungie mkono, usimfuate kitini kama mtu anayedai. Pale mtu huombwa kwa macho, ili asiyetaka aweze kuangalia kando bila aibu. Mwangalie mpaka naye akuangalie. Akikuangalia, mwinamishie kichwa kidogo. Akiinamisha chake, nenda.

Utasema hujui kucheza. Mwalimu anasema chote ni kutembea, na nyinyi wawili mmetembea kuliko ukumbi mzima ukiunganishwa. Safari hii tangulia wewe, na macho uyafumbue vizuri, kuna watu pembeni.

Jambo la mwisho, mzee wangu, na hili shika. Wimbo wa kwanza utaisha, utakuwa na jasho, umemkanyaga, na ulivyolelewa mdomo utataka kushukuru. Ufunge. Zitakuwa zimebaki tatu.