Mama Noh Bunrye na Viraka Alivyomchagulia Sori

Mwaka umekwisha, Mama, tangu ulipoinama juu ya kapu lako la vitambaa, nyumbani Hansan, usiinuke tena. Tulidhani unatafuta kipande kilichoanguka. Baba alikuita, akakuita tena, ndipo akanyanyuka.

Hansan yote inakukumbuka na mkasi mkononi. Ulikuwa fundi wa kuunga viraka vya mosi, kile kitambaa chetu chepesi cha kiangazi, na kipya hukukitaka hata cha bure. "Hiki hakijavaliwa na mtu," ulikuwa ukisema, "hakijui kitu." Kila kipande ulikiinua dirishani uone mwanga unavyopita, ukakiweka kando ya mwenzake, ukakiondoa. Cheupe hiki kimelala mno. Kile kinagombana na jirani yake. Chai yako ikapoa. Tulikucheka, nawe ukacheka pamoja nasi, kisha ukarudi dirishani.

Figo za mjukuu wako Sori zilipokufa, kicheko kiliisha. Figo ya mama yake haikulingana, ya baba yake vilevile, na yako madaktari walikataa hata kuipima kwa sababu ya umri. "Sasa nikae tu nimtazame?" uliuliza. Ndipo ulipoanza kupita kwa wazee waliovuka miaka tisini, ukiomba kwa kila mmoja kipande cha nguo aliyoivaa, umshonee Sori shuka la maisha marefu.

"Umekuja tena kunikata?" alikuuliza Bibi Guk, jirani yetu. "Mwaka huu nitabaki uchi."

"Ukibaki uchi nani atakutazama, dada? Lete huo mkono wa blauzi."

Akakupa. Ulipotoka ukaegemea ukuta wake ukalia, ukidhani hakuoni. Alitusimulia msibani.

Wala hukuchukua cha kila mtu. Nguo ya Mzee Pi uliirudisha kwa heshima, ingawa rangi yake ilizishinda zote, kwa kuwa alikwisha kuzika watoto wawili.

Ulipoondoka, katikati ya shuka palibaki pengo la viganja viwili. Mkweo Hyeonsuk, mama yake Sori, alilichukua shuka alimalizie. Alitafuta kwa wazee wa sokoni, akatafuta kwa majirani, akainua vipande dirishani kama wewe, na hakuona ulichokuwa ukikiona. Huku nyuma Sori alizidi kukonda. Kila akienda hospitali kusafishwa damu alikuwa mwepesi zaidi mgongoni mwa baba yake.

Nguo zako tulizichoma, kama ilivyo desturi. Blauzi moja ya mosi Hyeonsuk aliificha. Wiki hii aliitoa, akashika mkasi, na Baba akamdaka mkono.

"Nguo ya marehemu juu ya mtoto mgonjwa? Una akili kweli, mwanangu?"

"Baba, sina nyingine. Nimetafuta mpaka nimechoka. Hakuna aliyetaka kuliko yeye mtoto huyu aishi."

Baba aliichukua blauzi, akaikunjua magotini, akailainisha kwa kiganja. Halafu akasema, "Kata mgongoni. Kwapani pamechakaa."

Pengo limezibwa, na Sori amejifunika shuka lako. Figo haijapatikana. Madaktari hawatuangalii machoni tena. Hatujui, Mama, kama tumechagua vizuri au tumemwekea mtoto kifo kifuani, na wewe pekee ndiye ungetuambia. Kama tumekosea, tusamehe. Kama huko uliko mtu anasikilizwa, mwombee, hata leo.

Wanaokukumbuka ni mumeo Tak Jongdae, ambaye bado anakuita Mama Gyucheol chumba kikiwa kitupu; mwanao Gyucheol na mkewe Hyeonsuk; binti yako Eunha aliyeko Daejeon; Bibi Guk, na mjukuu wako Sori.

Sisi hatutakusahau maadamu tuko hai. Tunachoomba ni Sori akukumbuke miaka mingi kutushinda sote.