Miezi Sita ya Rais wa Korongo

Mpendwa Mama Mwanne, naomba unisikilize kwa subira, maana hili sijamwambia hata padri wangu. Mimi ni Népomuscène, mkazi wa mtaa wa Carama hapa Bujumbura, nilifundisha Kilatini miaka thelathini na mmoja, na bila kujisifu, wanafunzi wangu wamejaa ofisi za serikali kule Kigobe na mpaka leo wakiniona wanasimama.

Mwaka juzi korongo lilianza kula mtaa wetu, nyumba tatu zikaning'inia, watu wakanijia wakasema mwalimu tuongoze, nami nikawasimulia jinsi Warumi wa zamani walivyomwita mkulima mmoja kutoka shambani, wakampa madaraka yote kwa miezi sita aokoe mji, naye akamaliza vita kwa siku kumi na sita, akayarudisha na kurudi kwenye ng'ombe zake, nikawaambia na mimi nipeni miezi sita tu, wakapiga makofi, wakaniita rais, na kweli Mama, tulibeba mawe kila Jumamosi, tukajenga ukuta, korongo likasimama, watu wakaja kutoka mitaa mingine kupiga picha, na nikiupita ukuta ule kifua kinanijaa mpaka leo.

Shida ni kwamba miezi sita imekuwa mwaka na nusu na sijatoka. Kwenye sherehe napewa kiti cha mbele na chupa ya kwanza, kwenye mahari neno la kwanza ni langu, majembe na mikokoteni yote ya komite nimeifungia kwangu ili anayeitaka apite kunisalimu, na Darius, fundi mwashi aliyeyapanga mawe yale, aliponiambia mbele ya watu, "Mzee, tuliongeaka miezi sita, tuchague mwingine," nilimjibu kwa Kilatini, hakuelewa, watu wakacheka, nikafurahi.

Halafu mwezi uliopita mvua ilibomoa kipande cha ukuta asubuhi, watu wakaja mbio kuchukua majembe, mimi nilikuwa bado nanyoa ndevu, rais hatoki ovyo, nikawaacha wasubiri mlangoni, na maji yakaangusha jiko la mjane Adélaïde. Nilipofika, Mama, alinishika mkono akasema, "Aksanti raisi, umefika." Hakuna aliyenilaumu ila mke wangu Caritas, aliyeniambia mezani, "Ule Murumi wako alirudilia ngombe zake. We utarudilia nini?" Nimemnunia wiki tatu.

Jumapili ijayo kuna mkutano. Nimeandika kanuni mpya kwamba rais mwanzilishi abaki maisha yake yote, na najua hakuna atakayepinga, lakini tangu siku ya jiko lile silali vizuri. Nifanye nini, na heshima yangu niiweke wapi?

Wako, Népomuscène.

Mama Mwanne anajibu:

Mwalimu, pokea hongera kwanza, kwa sababu unastahili. Ukuta wenu nimekwenda kuuona kwa miguu yangu, na nilirudi kwangu Buyenzi najivunia kuwa mtu wa Bujumbura. Hakuna mgeni aliyekuja kutufanyia ile kazi. Sasa hongera imekwisha.

Huna haya? Mjane jiko lake linaanguka kwa sababu wewe unanyoa ndevu, halafu yeye ndiye anakushukuru, na bado unaniuliza habari za heshima. Ile si heshima, mzee wangu, ni woga. Watu wakishaanza kumshukuru aliyewaumiza, ujue wamekata tamaa naye. Marehemu mume wangu Uthmani aliongoza chama cha mafundi magari, akang'ang'ania kiti kama wewe. Hawakumtoa. Walihamisha mikutano tu, yeye akawa anakwenda kukaa ukumbini peke yake na kanzu yake imepigwa pasi. Kanzu ile niliipiga pasi mimi, nikanyamaza, na wallahi najuta mpaka leo.

Mimi sikusoma Kilatini, nilisoma madrasa. Lakini nimesikia kwamba hao hao Warumi wako, jemadari akirudi na ushindi, walimweka mtumwa nyuma yake kwenye gari la farasi amnong'oneze kwamba yeye ni binadamu tu. Walijua sifa zinalevya kuliko pombe, na mlevi hajioni. Wewe unaye Caritas, tena bure, unamnunia. Na kwani lazima twende mpaka Roma? Hapa kwetu mushingantahe, yule mzee mwamuzi, aliapa mbele ya watu wote, na akipotoka, watu hao hao walimvua. Cheo ni dhamana. Umefundisha wema wa Warumi miaka thelathini na mmoja, sasa ni zamu yako kuutenda.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, mwombe mkeo msamaha, kisha peleka majembe yote kwa Darius mchana, watu wakiona. Kanuni yako ichane, iwashie moto. Jumamosi vaa nguo za kazi ukajenge jiko la Adélaïde kwa mikono yako, usitume mtu. Jumapili omba neno la kwanza, kwa sababu bado ni lako, useme kwa lugha wanayoielewa kwamba muda wako uliisha zamani na kwamba umekosa. Usimteue mrithi. Wachague wenyewe, nawe ukae nyuma, na wakikosea unyamaze mpaka uulizwe.

Utaumia. Wiki mbili tatu utajiona kama umevuliwa nguo sokoni. Vumilia. Kupewa madaraka, hata wajinga wanapewa. Wanaoyarudisha mikono yao ikiwa bado ina nguvu nimewaona wachache sana, na nataka Carama iwe na mmoja. Ukifika nyumbani, Caritas akikuuliza mkutano umekwendaje, usimtolee hotuba. Mwambie, "Nimerudisha."