Haye, Haya

Garissa, Alhamisi, 1996

Jua la leo halina huruma, na uso wangu una jua lake.

Alasiri imepita. Nje wanafunga turubai, mbuzi wanalia, na mimi nimejifungia chumbani na kitambaa chenye maji shavuni. Kesho naolewa. Kioo nimekigeuzia ukutani.

Ni ile saluni mpya ya mtaa wa Iftin. Mwenyewe anaitwa Rukia, mtu wa Mombasa, na kabla hujakaa ameshakuambia kwamba alikuwa akiwapamba watalii ndani ya meli kubwa. Mimi nilitaka hina tu. Eedo Halima, dada yake baba, ndiye aliyenipeleka, akakaa kando yangu na tasbihi yake, maana bibi harusi hana mdomo, husemewa.

Hina yenyewe ilikuwa majimaji, maua yakaingiliana kama tope la Tana. Nilipoanza kukunja uso, Rukia akanifunga mikono na miguu kwa nailoni, eti hina ikolee, kisha akafungua kabati. Hapo nikaelewa alivyokuwa akifanya biashara huko. Katikati ya bahari mteja atakimbilia wapi? Nami, kwa nailoni zile, nilikuwa melini pia.

"Mamangu, mwanao ana madoa," akamwambia Eedo. "Sabuni hii yayaondoa yote."

"Haye," Eedo akajibu.

Sabuni ikafunguliwa. Ikafuata krimu ya kusugua, kisha ya mvuke, kisha ya kung'arisha. Kila moja na hadithi yake ndefu, na Eedo kwa adabu zake akawa anaitikia kila Rukia anapovuta pumzi: haye, haye. Kwetu haye ni nakusikia, endelea. Humwachi mtu aongee peke yake kama mwendawazimu. Lakini sikio la Mombasa lilisikia haya, yaani tumekubaliana, mpake.

Mimi nilijua. Nimesoma bweni moja na wasichana wa pwani, najua haye na haya si ndugu. Lakini wakubwa walikuwa wanazungumza, nikaona haya, ile haya nyingine, ya aibu.

Nikanyamaza.

Krimu ya mwisho ilipokolea, mashavu yakaanza kuwaka. Nikasema inachoma. Rukia akacheka.

"Ndiyo dawa yafanya kazi, mwanangu. Na kama yawasha, ipo ya kutuliza." Akafungua kichupa kingine!

"Wacha!" Eedo alisimama, tasbihi ikaanguka. "Uso ya msichana nabasuka! Nani alisema wewe fungua hii yote?"

"Si wewe, mamangu? Kila nikikuuliza wasema haya."

"Mimi nasema haye! Haye ni nasikia wewe. Ndiyo ni haa. Wewe nasikia haa kwa mdomo yangu?"

Rukia akakirudishia kichupa kifuniko chake. Nadhani hata yeye aliogopa.

Mama amenisafisha kwa maji baridi, lakini wekundu haujatoka na ngozi imeanza kubabuka. Eedo hajala. Namsikia jikoni akilia, na ninamhurumia, na hasira zangu kwake hazijaisha, ila nyingi nimejiwekea mwenyewe. Neno moja tu lingetosha.

Kesho watu wa mchumba wangu Yusuf watafika kutoka Modogashe. Kabla ya nikaha baba ataingia humu kuniuliza kama nimekubali. Wanasema kimya cha bibi harusi ni ridhaa. Dada zangu wote waliinamisha kichwa, ikatosha. Hata mimi nilipanga kuinama.

Yusuf namtaka. Namtaka sana, sioni sababu ya kujificha kwenye karatasi yangu mwenyewe. Lakini leo nimeona kimya changu kinavyosomwa. Kama ningekuwa simtaki, ningeinama vilevile, na watu wangesema alhamdulillahi. Hilo linanitisha kuliko kioo.

Eedo amebisha hodi sasa hivi. Ameleta barafu, macho mekundu kama mashavu yangu. Amesema kesho atanifunika shela nzito, hata baba asiuone uso, nikae kimya tu na mambo yaishe.

Haye ilishafika kwenye ulimi.

"Maya, Eedo," nimemwambia. Hapana. Baba atauona uso huu ulivyo, na atausikia ukisema haa.