Plagi Ulizoziacha Kwenye Koti

Shemeji yangu Elia,

Anayekuandikia ni mimi Bahati, kaka wa mke wako, mjomba wa watoto wako, fundi ambaye toka Uvira mpaka huku Minnesota hakuna injini iliyowahi kumkatalia. Unanijua. Lile lori la kanali lililokufa njiani, likawashinda mafundi wote, mimi nililikaripia tu, likawaka. Hadithi hiyo uliisikia mara nyingi, na kila mara lori linazidi kuwa kubwa, nawe unacheka umejishika kiuno. Sasa hakuna wa kuicheka. Nikiisimulia watu wanatazama simu zao.

Habari za nyumbani ni hizi. Neema wako amepata leseni, anampeleka mama yake kazini. Nikipanda naye nashika mlango. Kwaya imekosa besi. Wamemweka Yakobo mahali pako, anaimba kama mtu anayeita mbuzi. Kaburi lako kule Saint Paul lilifunikwa na theluji. Tulikwenda na koleo, mimi na dada yangu Furaha, tukaiondoa mpaka jina likaonekana. Toka tukuzike Furaha hajalia, shemeji. Anapika, anakwenda kazini, anarudi, anakunja nguo. Watu wanasema mjane yule ana nguvu. Mimi ni kaka yake, najua ile si nguvu.

Halafu kuna ile pikipiki yako ya theluji. Ulipoinunua kwa yule mzee mzungu wa Hopkins tulikucheka sote: mtu amekimbia vita, amefika salama, sasa anakwenda kutafuta ajali juu ya barafu! Lakini kila Jumapili ya baridi, ibada ikiisha, uliiwasha hapo nyuma ya nyumba, mji wetu wote wa Apple Valley ukasikia, na Furaha akiwa jikoni akajua bwana yupo. Majuzi akasema anaiuza, mnunuzi anakuja Jumatatu. Nikamwuliza, kweli unataka iende? Akaniambia, "Kaka, chuma kilichonyamaza kinanikaa kooni. Ikiwaka, ibaki. Isipowaka, aichukue."

Basi mbele ya watu wa kanisa nikapiga kifua. Jumapili inawaka!

Baridi yenyewe, ah, shemeji. Ukitema mate yanadunda chini kama gololi. Ya kwangu yalidunda mara mbili. Nikafungua mashine siku ya Jumamosi, nakuta plagi hamna. Ndipo nikakumbuka. Ulikuwa unazitoa, unazitia mfuko wa kifuani wa koti, unaingia nazo kanisani zikae kwenye joto la mwili, maana plagi ikiganda haitoi cheche vizuri. Nami pale kwenye benchi nakunong'oneza, "Shemeji, hayo mayai yataanguliwa lini?" Nawe unajibu bila kugeuka, "Nyamaza, kuku amelala."

Koti lako bado linaning'inia nyuma ya mlango. Furaha hajaruhusu mtu aliguse. Nilipomwambia plagi zitakuwa mle, nilijuta papo hapo kusema. Kisha akaenda mwenyewe, akaingiza mkono, akazitoa. Ulikuwa umezifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, kile cha kitenge cha kijani alichokitafuta nyumba nzima. Alinipa plagi. Kitambaa hakunipa.

Nikaingia nazo kanisani kesho yake. Wakati wa maombi nilizikandamiza kifuani, nikasema maneno. Hayo siyaandiki.

Tulipotoka, watu wakaja nyumbani. Nikafunga plagi, nikavuta choki, nikapampu mafuta kidogo kama ulivyokuwa ukifanya, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Kimya, shemeji, kimya cha mawe. Neema akafungua dirisha, akaniambia kwa Kiingereza chake nitazame video. Nikamjibu video ni za watu wasiojua. Wenzetu wakasimama wakinihurumia, halafu baridi ikawashinda, wakaingia ndani kula fufu. Mimi nikabaki. Nilivuta mpaka bega likawa si langu. Mwisho nikaanza kukusemesha: Elia, nisaidie basi. Usimwache dada yangu hivi.

Mlango ukafunguka. Furaha. Amevaa koti lako, linamfika magotini, mikono imemmeza vidole.

"Sogea, kaka."

Akainama, akapitisha mkono juu ya usukani polepole, kama anayempapasa mtoto aliyelala. Akashika kamba. Akavuta mara moja.

Iliwaka! Ule moshi wa buluu, ile harufu ya mafuta na oili, kelele zako zote zikarudi uani. Na dada yangu akakaa juu ya kiti chako, akalaza uso kwenye usukani, akalia. Alilia kwa sauti, vile tunavyolia kwetu, bila kujali majirani. Nilitaka kumshika, nikaona hapana. Nikaenda kusimama mlangoni, nikawazuia watu wasitoke kwanza.

Walipotoka walipiga vigelegele. "Fundi! Fundi!" Nikainua mkono. Nikawaeleza jinsi nilivyoilainisha injini hatua kwa hatua mpaka ikabaki kuguswa tu. Furaha akafuta uso kwa ile mikono mirefu ya koti, akasema, "Kaka amejitahidi." Basi. Jumatatu mnunuzi alikuja, akaambiwa haiuzwi, akanywa chai, akaenda.

Kwa hiyo pumzika, shemeji. Kila Jumapili ya baridi nitaingia kanisani na plagi kifuani, nitakaa benchi letu upande ule ule, na tukirudi nitaiwasha ili Furaha asikie. Hata nikizeeka. Atakayeniuliza habari za mayai nitamjibu kama ulivyonijibu.

Ila wewe siwezi kukudanganya, naona huko uliko umeshajishika kiuno. Kile kitufe chekundu kwenye usukani nilikibonyeza mimi, kabla ya yote, nikidhani ndicho cha kuwashia, kama kwenye pikipiki za kwetu. Kumbe ni cha kuzimia injini. Furaha alipopitisha mkono alikivuta juu kwa kidole kimoja, akanitazama, akanyamaza.