Pistoni Chini ya Kitanda Changu

Jumatatu, 1 Desemba

Nimechambua kunde mpaka vidole vikawa kijani. Mjukuu wangu Nafula amefungua injini ya gari la marehemu mzee wangu. Imetapakaa verandani, vipande vipande. Sijapenda.

Nilikubali mwenyewe aiongeze nguvu. Desemba iliyopita tukienda nyumbani kijijini, gari lilishindwa na kilima cha Timboroa. Tukashuka wote, mimi na kuku wangu, tukasukuma kwenye mvua. Shemeji Barasa akatupita na pikapu yake, akapunguza mwendo ili acheke vizuri. "Shemeji, hilo gari mnaliendesha au mnalichunga?" Mwaka huu tunaenda kujengea kaburi la mzee. Sitafika kwa kaburi lake nimebebwa na Barasa.

Lakini Nafula bado anajifunza ufundi gereji, hajawahi kufanya kazi hii peke yake. Akiharibu, gari la mzee limekwisha. Hatuna lingine.

Jumanne, 2 Desemba

Nafula amenieleza kwa sufuria zangu. Injini ni kama sufuria nne. Ukizipanua, hewa na petroli nyingi zinaingia, moto unalipuka kwa nguvu zaidi, gari linapanda. Basi. Nikamuuliza, na sufuria kubwa si inataka moto zaidi? Akacheka. "Ndiyo, Kukhu, bibi yangu, hata kabureta inayoleta petroli nabadilisha." Kisha akaacha kucheka. Akasema ukiikwangua sana inabaki nyembamba, inapasuka kwa joto. Na chuma kikishatoka hakirudi.

Kwa nini aliniambia hilo? Sijala.

Alhamisi, 4 Desemba

Bloki ya injini, ile yenye sufuria nne, imerudi kutoka kwa fundi wa mashine, Kariobangi. Matundu yanang'aa kama sahani za harusi. Haijapasuka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, jirani akauliza nani amezaa.

Pistoni mpya, zile za kupanda na kushuka ndani ya matundu, ni nene kuliko za zamani. Nafula amezipanga juu ya gazeti chini ya kitanda changu, mbali na vumbi la gereji. Nalala juu ya injini. Mzee angecheka.

Ijumaa, 5 Desemba

Akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi. Ilikuwa zamu yangu. Mama Sarah ana macho ya kuchungulia, kwa hivyo nilifagia hadi chini ya kitanda. Pistoni nikazitia kwenye karai. Moja nikaiweka izuie mlango, upepo ulikuwa unaubamiza. Walipoondoka nikazirudisha kwa gazeti, safi kabisa.

Jioni Nafula anakula, anaeleza. Kila tundu limesuguliwa lilingane na pistoni yake. Zisichanganywe. Inayobana itakwama njiani, iliyolegea itagonga na kunywa oili. Ndiyo maana alizipanga kwa mstari.

Nikamwongezea mboga. Ya karai sikumwambia. Kesho anaanza kufunga injini.

Jumamosi, 6 Desemba

Nilimkuta ameshika spana. Nikasema yote kwa pumzi moja, hata ya mlango. Akaweka spana chini. Heri angenifokea.

Halafu: "Kukhu, umefanya pistoni yangu jiwe la mlango?"

"Ilikuwa na uzito mzuri."

Akacheka mpaka akalia. Ama alilia mpaka akacheka, sijui. Akasema naye alikosea, alipaswa kuziandika nambari. Tukapakia bloki kwenye mkokoteni, tukarudi Kariobangi. Mimi nyuma, nimekumbatia karai la pistoni kama kichanga. Fundi alipima moja moja. Ile ya mlango aliigeuza na kuigeuza. Mwishowe akasema haina mkwaruzo. Kila moja akaipatia tundu lake. Nafula akaziandika nambari zote kwa kalamu nene, ulimi umetoka nje kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Nampenda huyu msichana hadi naogopa.

Jumatatu, 15 Desemba

Injini imewaka. Kwanza moshi, nikafumba macho. Kisha ikatulia, sauti nzito. Nafula anasema ni mpya ndani, isikimbizwe kwanza. Nikaelewa. Ni kama mama aliyetoka kujifungua, apewe uji na asisumbuliwe.

Analizungusha mtaani polepole. Nakaa mbele, nasikiliza kama kuna kitu kinagonga. Sisikii. Bado nasikiliza. Vijana wa kona wakaita, "Nafu, piga resi, ingurume tusikie!" Nikatoa kichwa dirishani. Niliyowaambia siyaandiki, nimeokoka. Wakatawanyika.

Usiku naota kilima.

Jumamosi, 20 Desemba

Tumefika.

Timboroa nilishika kuku kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine. Nafula jasho shingoni, macho kwenye mshale wa joto. Mshale ukapanda kidogo, ukakaa hapo. Lori moja tukaliacha nyuma. Hakuna aliyeshuka.

Barasa alikuwa langoni na kamba ya kuvutia gari. Alipotuona akaificha nyuma ya mgongo. Sikumcheka. Nilijikaza kweli.

Sasa wengine wako ndani wanakula. Nafula amelala kiti cha nyuma, miguu imetokea mlangoni, oili bado kwenye kucha. Nimemfunika leso yangu. Kutoka hapa naliona kaburi la mzee, na simiti imeshaletwa, imeegemezwa ukuta wa jikoni.

Nimeweka kiganja kwenye boneti. Bado ina joto.