Leso Iliyozama Mfukoni

Nyumbani, chumba cha juu ya duka la dobi
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Hujambo huko uliko? Mwili unasemaje, na kile kifua chako kinachokusumbua kila baridi ikiingia? Sisi huku tu wazima, ila mikono yangu imekauka kwa wanga na mvuke wa pasi. Natumaini unakula vizuri na umeacha kulala na viatu. Naendelea kukuita Kifungo ingawa karibu utakuwa muuguzi kamili, maana mtu aliyemeza kifungo cha koti la baba yake akiwa na miaka mitatu hana haki ya kuchagua jina lingine.

Kazi dukani inakwenda. Pasi kubwa ilizimika wiki mbili nzima. Shemeji yako akaifungua kama anavyofungua saa zake, akaifunga tena, skrubu mbili zikabaki nje. Inafanya kazi. Skrubu nimezitia koponi na sisemi kitu.

Mdogo wetu, kitindamimba, ameshahamia kwake na mumewe. Kila Alhamisi anakuja kuazima sufuria na kurudisha nyingine ambayo si yangu. Ndoa imemkalia vizuri. Yeye ndiye aliyenionyesha ujumbe uliomtumia baada ya kuona picha za harusi yake: "Mwambie baba, kama leso yangu haimfai, ampe mtu mwingine. Nimechoka kuitafuta kwenye picha." Tangu hapo hujapiga simu. Jana ilikuwa Jumamosi ya saba.

Nilitaka kukukasirikia, nikashindwa. Nilizitoa picha zote tulizokutumia, nikazipanga juu ya meza ya kupigia pasi, nikazitazama kwa macho yako, nikiitafuta leso ya hariri uliyomtumia baba. Siku baba alipotimiza miaka sabini, mfuko wa kifuani mtupu. Siku tuliyofungua duka upya baada ya kupaka rangi, mtupu. Harusini, mtupu, na juu ya hayo ameangalia pembeni kana kwamba hataki kukutana na wewe uso kwa uso. Ningekuwa mimi huko mbali, na mimi ndiye niliyeikataa ile nafasi ya mapokezi ya hotelini kwake aliyoniombea kwa miguu yake mwenyewe, ningewaza hayohayo: mzee bado ana kinyongo.

Hana. Sasa tafuta kiti ukae, halafu uendelee kusoma.

Baba haoni. Sasa ni mwaka wa pili. Ni presha ya macho, wewe utakuwa unalijua jina lake la hospitali. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linapambanua mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Ndiyo sababu alizikataa simu za picha, ukadhani ni ushamba wa uzee. Ndiyo sababu ameangalia pembeni pale harusini: alikuwa anaifuata sauti ya mpiga picha, na yule bwana alikuwa hatulii mahali pamoja.

Alitufunga midomo sote. "Huyo asiambiwe mpaka amalize mitihani," alisema. "Namjua. Atafunga sanduku kesho." Yeye mwenyewe aliacha shule babu alipougua, hilo unalijua, na hakutaka limfike mtu wa pili nyumbani humu. Niliahidi. Leo naivunja ahadi hiyo kwa mkono wangu. Tulikuficha ili usiumie, na huko kukuficha ndiko kulikokuumiza, kwa hiyo akininunia ataninunia.

Unazikumbuka asubuhi zile kabla hajaenda hotelini? Sisi wawili tumekaa kitandani, miguu haifiki chini, yeye mbele ya kioo akitufundisha utadhani na sisi tutapokea wageni siku hiyo. Leso mbili kila siku: ya kuonyesha, mfuko wa kifuani, ya kutumia, mfuko wa suruali. Na hiyo ya kutumia wala haikuwa yake, ilikuwa ya mgeni yeyote atakayeshindwa kuzuia machozi pale mapokezini. Leso isifanane na tai kama pacha. Iokote rangi moja ndogo tu iliyomo kwenye tai, iiitikie. Siku ya kazi ikunjwe bapa, ukingo utokeze upana wa kidole. Siku ya furaha ishikwe katikati, igeuzwe, iachwe ifumuke yenyewe. Na ile sheria kubwa, uliyopigwa vidole kwa ajili yake: leso ikishawekwa, mkono marufuku. Mwanamume anayepapasa kifua kila mara anawatangazia watu kwamba hajiamini.

Sheria hizo anazifuata mpaka leo. Mimi nimemwekea alama tu. Kwenye pembe ya kila leso nimeshona vifundo vya uzi: kimoja nyeupe, viwili samawati, vitatu kijani. Anafungua droo, anatafuta pembe kwa vidole, anachagua mwenyewe, na ole wako umsaidie. Mwanzoni nilichanganya ya njano na ya kijivu, akaenda mazishini na ya njano kifuani. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Fundi viatu wa hapo chini alidhani ni mtindo mpya. Wiki iliyofuata na yeye akatoka na ya njano.

Yako haina kifundo. Haihitaji. Ni hariri peke yake katika droo nzima, anaijua mara tu ncha za vidole zikiigusa. Siku ilipofika kwa posta alinifanya nimweleze rangi yake mara tatu. Nikasema nyekundu iliyoiva, ukingo mweupe. Akauliza nyekundu ya nini. Nikasema ya lile zulia la ngazi za hoteli. Alitabasamu hivi, Kifungo, hadi ikabidi nitoke chumbani nikajifanye natafuta mkasi.

Na ameivaa. Aliivaa siku ya miaka sabini. Aliivaa tulipofungua duka. Aliivaa harusini, nilimwona kwa macho yangu hapo mlangoni, imefumuka inavyotakiwa, nikarudi mbio kumalizia pasi ya shela. Hata Jumamosi, saa nne kamili, akisubiri simu yako, huvaa koti lilelile la harusi na kuiweka. Nilimwambia mara moja kwamba simu haina macho. Akanijibu kwamba na yeye hana, kwa hiyo wako sawa.

Alhamisi nililichukua koti la harusi nilisafishe. Dobi hatii nguo kwenye maji wala mvuke kabla ya kukagua mifuko, mkono wangu unafanya wenyewe. Nikaingiza vidole kwenye mfuko wa kifuani, nikaikuta leso yako chini kabisa, bado ina umbo aliloipa kwa mikono yake.

Hariri haishiki. Inateleza, na mfuko wa koti lile ni mrefu. Mtu anapiga hatua, anakaa, anasimama kusalimia, na leso inazama kidogo kidogo hadi inapotea. Mwenye macho angeiona. Asiye na macho angeipapasa. Baba haoni, na mkono ameupiga marufuku mwenyewe. Alishinda harusini siku nzima akiamini amebeba zawadi ya mwanawe kifuani mbele ya watu, na kweli alikuwa ameibeba. Sisi tuliouona mfuko mtupu, kila mmoja alidhani ameamua kuitoa. Unajua kwa mavazi yake mzee haulizwi. Na mimi, ninayepiga pasi hariri za watu kila siku ya Mungu, halikunijia. Nisamehe.

Nilimwambia siku ileile. Alikuwa amekaa karibu na dirisha la nyuma, ambako nguo zilizokauka zinatundikwa.

"Picha zote?" akauliza.

"Zote tatu, baba."

"Na ameziona?"

"Ameziona."

Halafu akaingiza mkono mfuko wa suruali, akaitoa ile leso ya kutumia. Miaka thelathini na miwili ya hoteli, na mingine tangu astaafu, nilikuwa sijawahi kumwona akiitumia yeye. Alijifuta polepole, akaikunja upya vilevile, akaniambia nimletee lile koti.

Nilipendekeza niishone kwa mishono miwili tu, isitoke tena. Weee! Alinifokea kama mimi ni mwanafunzi wake wa mapokezi: leso iliyoshonwa ni kiraka. Basi tukafanya kazi ya dobi. Nimekunja leso ya pamba nikaitia chini mfukoni, hariri ikakaa juu yake, na pamba inaishika. Alikiri hajui mambo ya hariri. Maisha yake yote amevaa pamba, hariri aliiona kwa wageni. Tulimtembeza chumbani mara sita, akae, ainuke, ainame, na haikuzama. Shemeji yako akapiga picha. Nimeiweka humu ndani ya bahasha. Utaona leso imeegemea kushoto kidogo. Ameiweka mwenyewe na sikuigusa.

Humo pia kuna leso nyeupe ya pamba, yenye kifundo kimoja pembeni. Ni ile ya kutumia, ya kwanza kabisa aliyoenda nayo kazini, na ndiyo iliyomfuta machozi siku ile. Nimeifua na kuipiga pasi, lakini nimeona ni haki uijue historia yake. Aliniuliza kama sare ya wauguzi ina mfuko wa kifuani. Nikasema ninavyojua inao. Akasema vema, ikunje bapa, upana wa kidole, kwa sababu mgonjwa akifumbua macho anatakiwa aone mtu aliyejiandaa kwa ajili yake. Hakutaja hoteli. Nilimsubiri ataje, hakutaja.

Sasa nakuomba mdogo wangu, usifunge sanduku. Maliza mitihani yako, hilo ndilo alilotaka na ndilo lililotufikisha hapa. Ila Jumamosi, saa nne, piga simu. Usimwambie pole ya macho, atachukia; mwulize tu amevaa nini. Na siku utakapokuja, usianze na maneno mengi mlangoni. Vaa koti, weka leso, msogelee karibu, umwache akukague kwa vidole.

Shemeji yako anakusalimu na anauliza kama ile saa aliyokutengenezea bado inakwenda mbele dakika kumi. Kitindamimba anakusalimu, anasema ujumbe wako aliulilia sana naye hakukujibu kwa kukosa la kusema. Fundi viatu anakusalimu pia, na bado ana ile ya njano.

Baba nimemwacha wa mwisho. Tangu Alhamisi sheria yake kubwa ameivunja. Akikaa anapapasa kifua, akisimama anapapasa, hata mbele ya wateja. Leo asubuhi nikamtania, nikamwambia baba, imekaa, haijazama, watu watasema hujiamini. Akasema, "Siangalii kama imekaa. Naangalia kama yuko."

Mungu akulinde, akufungulie akili kwenye mitihani, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, ambaye hata nikinuna nakupenda,

Dobi wa Juu